Nuru Haijui Shibe

Mwaka wa shufwa, mwaka wa visu,
Mbale nzima ilinuka kimea.
Wavulana walishuka barabara ya Naboa wakicheza,
wamepakwa unga mpaka kwenye kope,
njuga mapajani,
na jua la saa saba limewakalia utosini.

Fundi Khaukha aliwapiga picha kumi na mbili.
Alinikabidhi filamu, akafunga kamera, akasema:
Dakika saba. Jua la leo limeshafanya kazi yake,
usilisaidie.

Nilikuwa na miaka kumi na sita
na saa ya mkononi isiyo yangu.
Wepukhulu alinipa nimtunzie asubuhi ile,
maana mtahiriwa hachezi na saa.

Ngoja nikueleze, kwa sababu wengi hudhani
muda ni kama chumvi,
ukiongeza, chungu chote kinakolea sawasawa.
Sivyo.
Ndani ya tangi hawali kwa kasi moja.
Kivuli, yaani mkunjo wa shuka, tundu la pua,
shingo chini ya kidevu,
hukitwaa kile kidogo kilichogawiwa na lenzi
dakika ya tatu, ya nne,
kikajifuta mdomo, kikanyamaza.
Ukiache mpaka kesho, hakiongezi tonge.
Bali palipopigwa na jua,
bati, shati jeupe, unga,
hapo panaendelea kula.
Dakika ya saba pana afya.
Ya tisa pamenenepa.
Ya kumi na mbili pamekuwa ukuta mweusi
na taa ya kuchapia inabisha hodi, inabisha,
hafungui mtu.

Fundi aliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango:

*Kivuli hula mapema,*
*nuru haijui shibe.*

Siku ile sikupima hata joto la maji.
Mtungi ulikuwa umekauka, nikakinga ya bomba,
vuguvugu, yametembea juani tangu mlima Wanale.
Nikamimina dawa. Nikapindua tangi, nikalirudisha.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Kisha ngoma zikasimama, nyuma ya soko,
zikasimama ghafla hivi,
nikajua ni zamu ya nani.

Niliweka sikio ukutani.
Mkono uliendelea kupindua tangi wenyewe,
kama mkono wa mama anayebembeleza mtoto
huku macho yake yako njiani.
Kimya.
Anayepepesa jicho hutajwa mpaka kwa wajukuu.
Kimya bado.
Halafu vigelegele, filimbi, bati za soko zikilia kwa mawe,
nami nikaketi sakafuni nikicheka peke yangu,
na saa ya Wepukhulu ikaniambia: kumi na mbili.

Fundi aliinua negativu mbele ya balbu.
Unga wote ulikuwa masizi.
Sikuwa na la kusema, na yeye hakuuliza.
Alisogeza jicho kutoka picha hadi picha,
akafika ya tisa. Akasema:
Macho yapo. Macho yalikuwa kivulini,
hukuyadhuru.

Usiku huo alitafuta karatasi laini kuliko zote dukani,
akakata tundu kwenye kadibodi, ukubwa wa kobole,
akauacha mwanga udondoke usoni pa Wepukhulu
huku akihesabu kwa Kigisu, mpaka tisini, mpaka mia.
Na ndani ya bakuli, polepole, unga ukarudi:
nyufa zake, na mfereji mmoja wa jasho
kutoka kipaji hadi ukingo wa mdomo.
Kifua hakikurudi. Tulikihesabia mara mbili.
Kilibaki cheupe tupu, kama ukurasa.

Picha ile imetundikwa kwao hadi leo, Bungokho.
Watoto huuliza babu alivaa nini.

Saa nilimrudishia siku ya nane,
akiwa bado anatembea kwa kujitanua.
Aliitia mkononi, akaisikiliza,
hakuuliza ilikuwa imehesabu nini.